Pafu Chini ya Mkomamanga

Raya aliileta ndani ya kopo la biskuti,
mizizi minne, imeviringwa gazeti lililoloweshwa,
akapita nayo uwanja wa ndege wa Maskati
kwa uso wa mtu aliyebeba halua.
"Shangazi, huu unaitwa jani la pafu.
Wazungu wa kale waliona madoa yake,
wakadhani Mungu kaandika dawa juu ya jani."
Mimi nina pumu.
Nilicheka mpaka nikatafuta pampu yangu.

Jua la huku Sayq si la Maskati,
lakini jua ni jua:
mwezi wa sita hukuunguza kisogo ukiinamia vitunguu thomu.
Siku tatu nilizunguka shamba na kiti cha plastiki,
nikae hapa saa moja, pale saa moja,
nione kivuli kinakwenda wapi, kinarudi lini.
Ukutani, hapana. Jiwe hutunza moto kama kinyongo.
Chini ya mjozi, jirani Sleyum akanikataza:
mti ule haupendi wageni.
Nikaishia kwa mkomamanga.
Baridi ikija hupukutika, mbavu nje,
jua lote likaingia bila hodi;
kiangazi hujitanda, ukagawa mwanga kwa kijiko.
Nusu kivuli.
Kama mtu asiyefunga mlango wala kuuacha wazi.

Samadi ya mbuzi iliyolala mwaka mzima.
Changarawe kidogo. Maji ya falaji
zamu yetu inapofika, alfajiri, kiasi cha kulowesha
si cha kuzamisha.
Mwaka wa kwanza majani matupu,
yanakwaruza kama ulimi wa paka,
kijani kilichorushiwa maziwa.

Mofizul, anayenitunzia matuta tangu ukuta ulipobomoka,
aliona yale madoa, akasema ugonjwa.
Nilipomaliza kuswali alikuwa keshang'oa mmoja,
kaushika kwa ncha za vidole, kama panya.
Sikumgombeza. Nilitaka; kifua kilikataa.
Tukaufukia upya, tumepiga magoti wote wawili,
mimi nanung'unika kwa Kiswahili
(hasira yangu haijawahi kukijua Kiarabu vizuri),
yeye anajibu kwa Kibangla,
na mmea katikati haumwelewi yeyote.

Ule haukupona. Ikabaki mitatu.

Kiswahili nilitoka nacho Wete nina miaka tisa.
Huku juu sina wa kumsemesha,
watoto hunijibu kwa lugha nyingine, tena kwa simu.
Basi nikawa nakimwaga pale pale, pamoja na maji:
haya kunyweni, msione haya, hapa ndipo.

Mwezi wa pili, barafu nyembamba ndani ya ndoo,
mawaridi ya mlimani bado miba mitupu,
watalii hawajaanza kupanda na kamera zao,
Mofizul akagonga dirisha.
"Bibi! Mapafu! Mapafu kufungua!"
Neno hilo amelipata kwenye kikohozi changu.

Nikatoka na blanketi mabegani.
Vikengele sita, vimeinama.
Viwili pinki, vitatu samawati,
kimoja hakijaamua.
Raya alinieleza: huzaliwa pinki, huzeeka samawati.
Hakunieleza kwamba vyote hukaa shina moja,
kijana na mzee, bila kuoneana aibu.
Nyuki mmoja, kawatangulia wenziwe,
akaingia kichwa kwanza.

Nikavuta pumzi.
Nisidanganye: ilipita na filimbi yake ileile.
"Dawa?" Mofizul akauliza.
"Si dawa. Ua."
"Ua," akarudia, anaonja neno.
Sikumwambia kwamba neno hilohilo
lina maana nyingine,
na kwamba hiyo alishaifanya mwaka jana.
Mferejini maji yakaanza kusikika, yanakuja;
akachukua tambara lake na jiwe,
akakimbia kuyafungulia njia.